Maganda ya risasi hayalingani: niliyoyaona kwenye meza ya kujazia

Fundi_Makorora

Wakuu, habari za jioni.

Tangu nirudi Tanga kuna swali moja linanifuata, hasa kutoka kwa jamaa wanaofanya kazi na makampuni ya uwindaji kule Handeni na Kilindi. Bunduki ni ileile, mpigaji ni yuleyule, boksi la risasi limeandikwa maneno yaleyale, lakini matundu kwenye shabaha yanatawanyika kama mtama uliomwagika. Watu wanalaumu mtutu, wanalaumu darubini, wanalaumu upepo. Mimi huanza na kuuliza habari za ganda, na wengi hunishangaa, maana kwao ganda ni kile kitu kinachoruka pembeni ukivuta bolti.

Nijieleze kidogo mjue naongea kutoka wapi. Tornio, yaani mashine ya kuchongea vyuma, nimejifunza hapahapa, kwenye karakana ya shamba la mkonge, nikiwa kijana mdogo. Baadaye nikaenda Afrika Kusini nikakaa miaka 11, sehemu kubwa kwa mzee mmoja fundi bunduki mwenye leseni zake zote, ambaye pia alikuwa anajaza risasi, yaani anachukua ganda lililokwisha kufyatuliwa na kulitengeneza litumike tena. Mwaka wa kwanza hakuniruhusu kugusa baruti. Niliwekwa kwenye maganda tu: kuosha, kupima, kutenga, kukata shingo zilizorefuka. Nilidhani ananinyanyasa. Baadaye nikaelewa kwamba ndiyo kazi yenyewe.

Na nianze na hili, ili mtu asije akaniingiza matatani au akajiingiza mwenyewe: hapa nyumbani huwezi kujikalia sebuleni ukajitengenezea risasi. Kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na utengenezaji bila kibali ni kosa. Kule nilikokuwa, mwenye leseni ya bunduki anaruhusiwa na sheria kujijazia risasi za bunduki yake. Kwa hiyo vipimo vya baruti sitaviweka hapa, na mtu asiniulize kwa ujumbe wa faragha. Naongelea ganda.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Vitatu kati ya hivyo kila mara ni vipya. Ganda peke yake ndilo linarudi mezani, na kila likirudi limeshabadilika.

Linatengenezwa kwa shaba nyeupe, mafundi tunaita brasi: shaba nyekundu 70 kwa zinki 30 katika mia. Mchanganyiko huo unavutika sana bila kupasuka. Kiwandani wanaanza na kisahani kama sarafu nene. Kinapondwa kiwe kikombe, kikombe kinavutwa kirefuke, kinavutwa tena na tena, na kati ya mvuto na mvuto kinapitishwa motoni kilegee. Mwisho kitako kinagongwa kwa nguvu kiwe kigumu, shingo inayoshika kichwa na bega lililo chini yake vinabanwa, shingo inapewa moto wa mwisho. Ile rangi ya zambarau na buluu mnayoiona kwenye shingo za risasi za jeshi ni alama ya moto huo. Za kibiashara nazo hupita motoni, ila nyingi zinasuguliwa zing'ae kabla ya kuingia boksini.

Sasa nyie mafundi wenzangu fikirieni. Ngumi ya mashine ikikaa pembeni kwa unene wa unywele, ukuta mmoja wa kikombe unakuwa mnene na wa pili mwembamba. Kosa hilo haliishi pale. Linavutwa pamoja na ganda mpaka shingoni. Ukifyatua, upande mwembamba unanyumbuka zaidi, ganda linajipinda kidogo kama ndizi, na kichwa ukikikaza kwenye shingo hiyo kinakaa upande. Shingo ya .308, risasi moja ya bunduki ya kuwindia, ina unene wa karibu milimita 0.35. Nilikuwa naipima sehemu nne kwa mikrometa yenye kichwa cha mviringo. Nikikuta 0.33 huku na 0.38 kule, ganda hilo linaenda kwenye ndoo ya mazoezi, haliendi kwa mtu anayetaka shabaha.

Kuna ya uzito, hii ndiyo inawapoteza wengi. Nitaendelea baada ya Isha.

---

HandeniKwetu

Kaka shukrani, uzi umekuja wakati wake. Mimi nabeba bunduki za wageni mwaka wa tisa sasa. Wazungu wengine wanakuja na risasi walizojijazia wenyewe, wamezipanga kwenye viboksi vya plastiki, kila kimoja kina karatasi yenye namba. Mmoja aliniambia amepima kila ganda kwa mizani ya sonara na amelitenga kwa uzito. Je, ndiyo siri yenyewe?

---

Fundi_Makorora

HandeniKwetu, umegusa penyewe kaka.

Uzito unadanganya. Haudanganyi kila mara, lakini inatosha kukuharibia siku.

Angalia hesabu yake. Kinachotakiwa ni nafasi ya ndani, yaani chumba ambamo baruti inaungua. Maganda mawili yakiwa na umbo moja kwa nje, lile zito zaidi lina brasi nyingi zaidi, kwa hiyo ndani lina nafasi ndogo zaidi. Brasi ina uzito wa gramu 8.5 hivi kwa kila mililita. Ganda likizidi lenzake kwa gramu 0.65 (kule wanaita greni 10), nafasi inapungua kwa karibu mililita 0.08. Ganda la .308 linabeba kama mililita 3.6 za maji. Hiyo ni kama asilimia 2 ya chumba chote. Weka baruti ileile kwenye chumba kilichopungua kiasi hicho, presha inapanda na kasi inapanda. Na presha ya humo si ya mchezo. Tairi la lori unalijaza mpaka psi 110 au 120, na likipasuka tunajua linavyofanya. Risasi ya .308 ina kiwango cha juu cha psi 62,000.

Mpaka hapo mizani iko sawa. Shida ni lile neno nililosema, "umbo moja kwa nje". Kitako cha ganda kina mfereji ambao kucha ya bolti inaingia kulivuta. Mfereji huo unachongwa kwenye mashine, na kisu kinalika. Ganda moja mfereji wake una kina, jingine hauna. Ukingo wa kitako mmoja mnene, mwingine mwembamba. Uzito wote huo uko nje, hauingii kwenye chumba hata chembe. Unaweza ukatenga maganda kwa mizani jioni nzima ukawa umetenga mifereji.

Mzee wangu alinifundisha kwa maji. Unachukua ganda lililofyatuliwa kwenye bunduki hiyohiyo, hujalipitisha kwenye dai (kile kibano cha kulirudishia umbo lake), fataki iliyokufa bado imekaa mahali pake iwe kizibo. Unalipima tupu. Unachukua bomba la sindano, unaingiza maji taratibu, unagonga ubavuni kwa kucha mpaka vipovu vyote vipande juu. Kisha unainama jicho liwe usawa wa mdomo wa ganda. Maji yakivimba juu kama tone, umezidisha. Yakibonyea katikati, umepunguza. Yakitulia bapa kama kioo, unapima tena, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo nafasi. Unaongeza tone moja la sabuni kwenye maji yako tangu mwanzo, yasijikunje.

Siku ya kwanza nilipima maganda ishirini ya boksi moja kwa njia zote mbili. Moja lilikuwa zito kuliko yote kwa gramu 0.3 na nilikuwa nimeshalitupa pembeni. Kwa maji likatoka sawasawa na wenzake. Lililokuja kuwa na nafasi ndogo kuliko yote lilikuwa na uzito wa katikati kabisa. Mzee akaniangalia tu, hakusema kitu, akaenda kuchemsha chai.

Kwa hiyo mgeni wako hakukosea, mizani ni chujio la haraka. Likizidi sana au likipungua sana, litenge. Lakini kabla ya mizani kuna la msingi zaidi, nalo halihitaji kifaa: usichanganye asili. Maganda ya kiwanda kimoja, ya boksi moja, yaliyofyatuliwa idadi moja ya mara, kwenye bunduki moja, yakae pamoja tangu siku ya kwanza mpaka siku ya kutupwa. Hicho kikaratasi chenye namba ulichokiona kwenye kiboksi kina thamani kuliko mizani.

---

HandeniKwetu

Na maganda ya jeshi? Kuna mmoja alikuwa anayasifia kwamba ni magumu hayaharibiki.

---

Fundi_Makorora

Ni manene, kweli. Na kwa kuwa ni manene, chumba ni kidogo. Mtu aliyezoea ganda la kibiashara akahamisha kipimo chake chote cha baruti kwenye ganda la 7.62 la jeshi, ambalo kwa nje umbo lake ni kama la .308, anaweza kufika kwenye presha asiyoitaka huku akiamini hajabadilisha kitu. Ni lazima ashuke aanze upya kutoka chini. Katika .308 ndipo tofauti hii huonekana sana.

Halafu fataki za jeshi nyingi zimebanwa ukingo zisichomoke. Ukiitoa ya zamani, mpya haitaki kuingia mpaka ukwangue ule mbano. Na yako maganda ambayo huwezi hata kuitoa fataki kwa njia ya kawaida, kwa sababu ndani hayana tundu moja la katikati. Yana matundu madogo pembeni, na fuawe la kugongea fataki limo kwenye ganda lenyewe. Huo ni mtindo wa Berdan. Wenye tundu moja ni mtindo wa Boxer. Ajabu yake, Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, na Wamarekani wakaishia kutumia wa Boxer huku jeshi la Uingereza likitumia wa Berdan kwa miaka mingi. Unamulika tochi ndani unahesabu matundu, basi.

---

MtotoWaSahare

Shikamoo mzee. Mimi nasoma VETA, uchomeleaji na uundaji vyuma. Umesema wanalegeza shaba kwa moto. Sisi chuma ukikipasha kikawa chekundu ukakitumbukiza majini kinakuwa kigumu. Sasa hao wakishapasha shingo wanaacha ipoe yenyewe au vipi?

---

Fundi_Makorora

Marahaba mwanangu. Swali zuri hilo, na ni mahali ambapo mtu wa chuma anakosea akihamia kwenye brasi.

Chuma chenye kaboni kinakazwa kwa moto na maji. Brasi haikazwi hivyo. Brasi inakazwa na kazi. Chukua waya wa shaba, ukunje, ukunjue, ukunje. Mara ya kwanza unateleza, mara ya tano unakataa, mara ya kumi unakatika. Shingo ya ganda ndiyo maisha yake hayo: inafyatuliwa inatanuka, inaingia kwenye dai inabanwa, inaingizwa kichwa inatanuka tena. Kila safari inakuwa ngumu zaidi. Ukiipasha moto punje za ndani zinajipanga upya, inalegea. Baada ya hapo uitumbukize majini au uiache, ulaini ni uleule. Maji yanatumika kwa sababu nyingine: kuzuia joto lisitambae mpaka kwenye kitako.

Na hapo naomba usikilize vizuri. Kitako hakitakiwi kulegea kamwe, hata kidogo. Kitako ndicho kilichobaki kati ya presha ile na uso wa mpigaji. Shingo ikiwa ngumu kupita kiasi itapasuka, utatupa ganda. Kitako kikiwa laini kinaachia gesi irudi nyuma. Nimeona watu wakichoma ganda zima kwenye jiko la mkaa wakidhani wanalitendea wema. Ganda hilo limekufa, halirudi, linapondwa kwa nyundo ili mwingine asije akalitumia.

Mzee wangu alikuwa anasimamisha maganda kwenye sinia lenye maji mpaka nusu ya kimo, anazima taa, anapitisha mwali shingoni akilizungusha. Mara inapotokea dalili ya kwanza kabisa ya weusi kugeuka wekundu, analisukuma linaanguka majini. Siku hizi kuna mashine za umeme zinazofanya hivyo kwa sekunde chache, na kila ganda linapata moto ule ule. Kulingana kwa moto ndiko unakokulipia. Shingo ngumu ikibanwa na dai hurudi nyuma kama springi. Laini hutulia ilipowekwa. Ukiwa na ishirini zilizochanganyika, kila kichwa kinashikwa kwa nguvu tofauti, na kila kimoja kinatoka kivyake. Ukiingiza vichwa kwenye presi mkono unalisikia hilo: moja linaingia kama kisu kwenye siagi, jingine linakwaruza. Mimi lililokwaruza nalitia alama ya kalamu hapohapo.

---

MamaWaPangani

Mwanangu Fundi, mimi si mtu wa bunduki, nimeingia kwa sababu ya neno shaba. Nina sinia za marehemu bibi yangu, mabirika na kifukizo cha udi. Sisi tumezisafisha kwa ukwaju na majivu tangu utoto, zinang'aa. Hayo maganda wanasafisha kwa nini?

---

Fundi_Makorora

Shikamoo mama. Hujatoka nje ya mada hata kidogo. Ukwaju wako unafanya kazi ya asidi, na wajazaji kule wanatumia asidi ya limau, ile ya unga, ndani ya maji ya moto. Ni jambo moja. Wanaloliangalia ni muda. Ukilowesha brasi kwenye asidi kali ukasahau, zinki inavuja, inabaki shaba nyekundu na ganda linakuwa na rangi ya waridi. Uso wa namna hiyo umedhoofika. Sinia yako ikigeuka rangi hiyo, punguza ukwaju na uisuuze haraka kwa maji mengi.

Usitumie dawa yoyote ya kung'arisha yenye amonia, ile harufu inayochoma pua. Kwa sinia ya kuwekea halua haina hasara kubwa. Kwa ganda ni sumu. Waingereza walilipata hilo kule India: risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, zikifika mvua za masika, shingo zinapasuka zenyewe bila kufyatuliwa. Sababu ilikuja kuelezwa vizuri na wataalamu wao mwaka 1921. Mkojo wa farasi unatoa amonia, hewa ina unyevu, na shingo ilibanwa kiwandani ikaachwa na mvutano ndani yake. Vitu vitatu hivyo vikikutana, brasi inachanika kwenye mipaka ya punje zake.

---

HandeniKwetu

Kaka, tuambie basi lililowahi kukukuta. Mtu wa miaka 11 hakosi.

---

Fundi_Makorora

Lipo, na ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka wa tatu. Mteja, mkulima, alileta ndoo ya maganda ya .308. Alisema ni yake yote. Nikaangalia mhuri wa kitakoni, kiwanda kimoja, nikaridhika. Nikaosha, nikapitisha kwenye dai, nikakata urefu. Siku ya kuangalia ndani nilikuwa na haraka, mzee alikuwa safarini, mteja anasubiri. Sikuangalia ndani.

Tulienda uwanjani kupima. Risasi ya nne ilitoa mlio tofauti, mfupi, na moshi ukanirudi usoni. Nilikuwa nimevaa miwani, namshukuru Mungu. Nilipovuta bolti kikatoka kitako na kipande cha ukuta, kirefu kama kucha ya kidole gumba. Sehemu ya mbele yote imebaki ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Niliishika bunduki ile mikono ikitetemeka, nikailaza mezani, sikutaka kuongea na mtu. Tuliitoa baadaye kwa kukaza burashi ya shaba ndani ya kile kipande na kuisukuma kwa fimbo kutoka mdomo wa mtutu.

Kilichotokea ni hiki. Maganda yale mengi hayakuwa ya bunduki yake. Yalifyatuliwa kwenye bunduki nyingine yenye chemba ndefu. Ukifyatua, mbele ya ganda inang'ang'ania ukuta wa chemba, kitako kinasukumwa nyuma kwenye bolti, na katikati panavutika. Halafu mtu analisukuma bega nyuma sana kwenye dai, ganda linarudi fupi kuliko chemba, likifyatuliwa linavutika tena. Kila mara panapovutika ni palepale, milimita tano sita juu ya kitako. Ukuta pale unakonda mpaka ukawa kama karatasi. Kwa nje wakati mwingine unaona pete inayong'aa. Wakati mwingine huoni kitu.

Mzee aliporudi hakunifokea. Alichukua spoki ya baiskeli, akaichonga ncha kwa jiwe, akaipinda mwishoni kama milimita tatu, akanipa. Unaiingiza ndani ya ganda mpaka igonge chini, kisha unaivuta juu taratibu huku ncha ikikwaruza ukuta. Ganda zima, ncha inapanda bila kusita. Ganda lililochoka, ncha inazama kwenye mfereji, inasita, inatoka kwa kuruka. Ukishalisikia mara moja vidoleni huwezi kulisahau. Tulipitisha ndoo yote. Yaliyosita tuliyaponda kwa nyundo moja moja, mimi ndiye nilishika nyundo. Mteja nilimlipa maganda mapya kwa mshahara wangu.

Tangu siku ile dai langu nililirekebisha lisukume bega nyuma kwa milimita 0.05 tu kutoka lilipokaa baada ya kufyatuliwa, sizidishi, na kila ganda lilipita kwenye spoki hata kama ni jipya kutoka boksini. Nimerudi na ile spoki. Imetundikwa juu ya tornio yangu.

---

MtotoWaSahare

Mzee, umenikumbusha. Mwaka jana tulikuwa tunachimba msingi upande wa Ras Kazone nikaokota vitu viwili vya shaba, kama risasi za zamani. Kimoja kitupu, kingine bado kina kichwa chake. Ninavyo nyumbani. Naweza kukuletea uvipime?

---

Fundi_Makorora

Mwanangu, hicho chenye kichwa usikiguse tena, usikisafishe, usikibebe kwenye daladala. Baruti ya zamani na fataki ya zamani hazitabiriki. Kiache kilipo, nenda kituo cha polisi Chumbageni ukawaeleze, watakuja wenyewe. Fanya hivyo leo, usingoje kesho. Kile kitupu niletee Jumamosi baada ya Alasiri.

---

MtotoWaSahare

Nimekwenda, mzee. Wamekuja wamekichukua. Jumamosi nakuja.

---

Fundi_Makorora

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kijana amekuja na ganda, tumekaa nalo mpaka Magharibi.

Kitako chake kina ukingo uliochomoza nje, hakina mfereji. Kalipa imesoma milimita 13.7 kwenye ukingo, na urefu zaidi kidogo ya 56. Hiyo ni .303, risasi ya Mwingereza. Lingekuwa la ile bunduki ya Kijerumani ya mtindo wa 1871, ya baruti ya moshi, ambayo askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, walikuwa nayo hapa, lingekuwa nene zaidi, urefu milimita 60. Kitakoni nimesugua taratibu kwa kijiti cha mwanzi nikasoma namba ya Kirumi VI. Herufi zingine zimeliwa. Ndani, kwa tochi, ni mtindo wa Berdan. Fataki imegongwa, kwa hiyo lilifyatuliwa.

Kwa mahali lilipookotwa, nadhani wengi mtawaza nilichowaza. Novemba 1914 jeshi la Uingereza lilitua upande huo huo wa Ras Kazone, na wengi wao walikuwa wanajeshi wa Kihindi walioletwa kwa meli kutoka Bombay. Wakapigwa, wakarudi melini, wakaacha ufukweni bunduki zaidi ya 400, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Wajerumani walizitumia hizo risasi baadaye. Siwezi kumwambia kijana nani alifyatua hili. Hilo ganda haliandiki.

Lakini nilimwonyesha shingo. Kuna ufa mmoja, umeanza mdomoni ukashuka mpaka kwenye bega, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Kingo zake hazikuvimba nje. Nilimpa lensi aangalie mwenyewe, akasema, "Mzee, kama ukuta wa udongo uliokauka." Ndivyo brasi inavyochanika ikiwa na mvutano ndani na hewa mbaya nje. Nikapitisha spoki vilevile, kwa mazoea. Juu kidogo ya kitako ikasita, kwenye mfereji wa wazi kabisa. Chemba za .303 za jeshi zilichongwa pana, bunduki isikwame ikiingia matope, na maganda yake yanajulikana kwa kuvutika hapo. Fyatuo moja limeshaacha alama ya kidole.

Aliniuliza alisafishe kwa ukwaju wa MamaWaPangani. Nimemwambia hapana, kila ukisugua unaondoa maandishi, na haya yaliyobaki ni machache. Tumelifunga kwenye kitambaa kikavu cha pamba, ndani ya kopo la mfuniko, pamoja na karatasi yenye tarehe, mahali na kina cha shimo, ili akilipeleka makumbusho ya Urithi Tanga wajue lilitoka wapi. Nikamuuliza mwaka mzima huu lilikaa wapi nyumbani. Akasema kwenye kibanda cha uani, juu ya mbao, ukutani mwa banda la mbuzi.

Kopo limelala karakanani kwangu, juu ya rafu, mpaka atakapopata nafasi ya kulipeleka.